Usiku Maji Yakipwa

Kisiwa cha Heron kiko upande wa kusini wa Great Barrier Reef, pwani ya Queensland, Australia. Ni kisiwa kidogo kilichozungukwa na uwanda mpana wa matumbawe. Mchana, jua likiwaka, maji ya uwanda huo hujaa oksijeni, kwa kuwa ndani ya matumbawe na juu ya mawe kuna mimea midogo isiyohesabika inayojitengenezea chakula kwa mwanga. Usiku mambo hugeuka. Mimea imeacha kazi, lakini kila chenye uhai kinaendelea kuvuta pumzi: matumbawe yenyewe, kaa, konokono, minyoo iliyomo mchangani. Maji yakipwa usiku na kuacha vidimbwi vilivyokatika na bahari, hakuna maji mapya yanayoingia. Oksijeni hupungua saa baada ya saa. Watafiti wamepima humo kiwango kilichoshuka hadi chini ya moja ya tano ya kile cha kawaida.

Samaki wenye mbio huondoka na maji. Katika kidimbwi kile chenye giza, kinachozidi kukosa pumzi, anabaki papa.

Neno papa kwetu watu wa pwani lina maana mbili zinazokaa pamoja bila kugombana. Kuna papa wa jikoni, mkavu, anayelowekwa, akachemshwa, akaungwa kwa nazi na ndimu, harufu yake ikafika kwa jirani kabla mwenye nyumba hajaita watu mezani. Na kuna papa wa hofu, yule ambaye mtoto hutishwa naye ili asiogelee mbali. Huyu ninayetaka kumsimulia hamo katika maana zote mbili. Kwa lugha ya sayansi anaitwa Hemiscyllium ocellatum. Mfaransa Pierre Joseph Bonnaterre ndiye aliyemwandika vitabuni mwaka 1788, na neno ocellatum linasema habari ya jicho: juu ya kila pezi la kifuani papa huyu ana doa kubwa jeusi lililozungushiwa weupe, kana kwamba ana macho mengine mawili mabegani. Waingereza waliona tepe za begani za ofisa wa jeshi, wakamwita kwa jina hilo. Mimi nitamwita papa-bega, kwa kuwa jina linaingia vizuri mdomoni.

Ni mdogo. Aliyekomaa kwa kawaida hafiki mita moja, na mkubwa kupita wote amepimwa sentimita 107. Mwili wake ni mwembamba kama wa mkunga, rangi ya mchanga wenye madoadoa ya kahawia, na mkia peke yake unazidi nusu ya urefu wote. Pua yake ni butu, mdomo uko chini, na nyuma ya kila jicho kuna tundu linalomwezesha kuvuta maji ya kupumulia akiwa amelala kifudifudi. Papa wengi wa bahari kuu hulazimika kuogelea bila kukoma ili maji yapite kwenye matamvua yao. Huyu anaweza kulala chini ya bamba la tumbawe mchana kutwa, kichwa kimefichwa, mkia uko nje, akapumua bila kusogea hata kidogo.

Sasa turudi kidimbwini, maana hapo ndipo penye ajabu.

Binadamu akikatiwa oksijeni ya ubongo kwa dakika chache tu, chembe za ubongo huanza kufa. Ubongo ni kiungo kinachokula kuliko ukubwa wake, hakina akiba, na kinadai chakula chake wakati huohuo. Papa-bega amewekwa katika maji yenye asilimia 5 tu ya oksijeni ya kawaida, kwa saa tatu na nusu, kisha akarudishwa katika maji mazuri akaendelea na maisha yake. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1998. Gillian Renshaw wa Chuo Kikuu cha Griffith na Göran Nilsson wa Chuo Kikuu cha Oslo ni miongoni mwa waliotumia miaka mingi kuuliza anafanyaje.

Jibu, kadiri lilivyofumbuliwa, ni kwamba papa huyu hupunguza matumizi kabla ya kufilisika. Moyo hupiga polepole, msukumo wa damu hushuka karibu nusu. Hata hivyo damu inayokwenda ubongoni haipungui. Mishipa ya huko hutanuka kiasi cha kulingana na upungufu wa msukumo. Ndani ya ubongo hutumika kemikali iitwayo adenosini, ambayo hata sisi tunayo. Ni ile ambayo kafeini ya kahawa hushindana nayo ili tusisinzie. Kwa papa-bega adenosini husaidia kuushusha mwili mzima katika hali ya matumizi madogo. Ubongo nao haupunguzwi kwa kiwango kimoja kila mahali: baadhi ya sehemu zinazoongoza mwendo hupunguza zaidi kuliko nyingine. Mnyama hutulia. Anaweza hata kulala chali kana kwamba amekufa. Maji yakirudi, huamka.

Wapo wanyama wengine wenye uwezo wa namna hii. Kasa mdogo wa maziwa ya Amerika Kaskazini huvumilia miezi chini ya barafu bila kuvuta hewa, na samaki mmoja wa vidimbwi vya Ulaya Kaskazini, jamii ya samaki wa dhahabu wanaofugwa majumbani, hufanya hivyo pia. Lakini hao wawili wanasaidiwa na baridi. Mwili baridi unadai kidogo. Papa-bega anafanya kazi hiyohiyo katika maji ya joto, ambako kila chembe ya mwili ina njaa. Kwa hiyo watafiti wa kiharusi na wa mshtuko wa moyo wamemtazama kwa makini kuliko walivyowahi kuwatazama papa wakubwa wa sinema. Mgonjwa wa kiharusi ana joto la mwili la nyuzi 37, hana barafu.

Kuna jambo moja katika utafiti huu ambalo mtu aliyekua karibu na bahari hulielewa haraka. Papa-bega akipitishwa mara kadhaa katika upungufu wa oksijeni, mwili wake huwa tayari zaidi kwa upungufu unaofuata. Hujifunza kuishi kwa kidogo zaidi. Sasa fikiria mwendo wa maji. Hayapwi kwa ghafla hadi bamvua. Yanatoka kwenye maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali, kisha kila siku yanashuka zaidi kidogo, mwamba unaonekana zaidi kidogo, mpaka siku za bamvua ambapo wanawake hutoka na michokoo yao kutafuta pweza mbali kabisa na ufuo. Papa-bega anapitia hesabu hiyohiyo. Usiku wa kwanza upungufu ni mdogo, wa pili umezidi, wa tatu umezidi tena. Kufikia usiku mgumu kuliko yote, mwili wake umeshafundishwa na usiku wa siku zilizotangulia. Na baada ya bamvua maji hurudi kuwa mafu, naye akapumzika.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Shida ya papa-bega ina saa yake. Inaanza wakati unaojulikana na inakwisha wakati unaojulikana, mara mbili kwa mwezi inakuwa kali, kisha inalegea. Uvumilivu wake wote umeshonwa kwa kipimo cha shida hiyo.

Kinachomweka kidimbwini ni chakula. Waswahili husema mtaka cha uvunguni sharti ainame, na huyu ameumbwa tayari ameinama. Pale Heron watafiti walipochunguza matumbo ya papa hawa walikuta kwamba karibu chakula chao chote ni minyoo ya baharini na kaa. Wadogo hula minyoo zaidi. Wakikua wanahamia kwa kaa. Hutafuta kwa harufu na kwa hisia nyingine ambayo sisi hatuna: vishimo vidogo vyenye ute usoni, ambavyo hunasa umeme hafifu unaotoka katika misuli ya kiumbe aliyejificha mchangani. Kaa anaweza kujizika na asionekane, lakini hawezi kuzuia misuli yake isitoe umeme. Papa-bega huchomeka pua mchangani hadi machoni, akanyakua alichokipata, mchanga ukatoka kwa matamvua. Halafu hutafuna. Papa wengi hukata na kumeza, lakini huyu hukaa akisaga gamba la kaa kwa dakika kadhaa, na meno yake huweza kulala bapa ili yapate kusaga. Wakati samaki wala-kaa wengine wamefukuzwa na ukosefu wa pumzi, yeye ana sahani yake peke yake.

Na hutembea. Hapa ndipo watu wengi wamesikia habari zake, na pana haki ya kustaajabu, ingawa kwangu mimi ile habari ya pumzi ni kubwa zaidi. Mapezi yake mawili ya kifuani na mawili ya nyonga ni manene, yana misuli, na yanaweza kugeuzwa na kukita chini. Anapokwenda, pezi la mbele la kulia husogea pamoja na la nyuma la kushoto, kisha kinyume chake, na mwili unapinda kushoto na kulia, kama mjusi anavyokwenda ukutani. Peter Pridmore alichapisha mwaka 1994 uchambuzi wa mwendo huu chini ya maji. Kwa mwendo huohuo papa-bega hutoka kidimbwi kimoja akavuka mwamba mkavu hadi kingine. Mifupa hana, ana gegedu tupu, lile tunalolitafuna kwenye ncha za mifupa ya kuku.

Tusikimbilie kusema kwamba huyu ndiye babu wa wanyama wa nchi kavu. Ukoo wa papa na ukoo wetu uliachana zamani mno, kabla ya samaki yeyote kupanda nchi kavu, na papa-bega amefika kwenye mwendo huo kwa njia yake mwenyewe. Kwa kweli jamii yake ni changa ya kushangaza. Mwaka 2020 Christine Dudgeon wa Chuo Kikuu cha Queensland na wenzake walitoa matokeo ya kulinganisha vinasaba vya papa wanaotembea. Walihesabu aina tisa, zote zikiishi kati ya kaskazini mwa Australia, New Guinea na visiwa vya mashariki vya Indonesia, na wakakadiria kwamba ukoo huo ulijitenga na jamaa zake wa karibu kama miaka milioni 9 iliyopita. Papa kwa jumla wamekuwepo kwa zaidi ya miaka milioni 400. Ukitafuta papa aliyefika duniani juzi, ndio hawa.

Kwa nini hawakufika kwetu? Bahari ni moja. Pweza anayechokolewa Pemba, yule Octopus cyanea, ni aina ileile inayopatikana Great Barrier Reef; pia baadhi ya changu wetu wanaogelea huko. Tofauti iko katika utoto. Pweza akianguliwa huwa kitu kidogo kinachoelea, mkondo ukakibeba hadi mwamba mwingine, na vizazi vikipita bahari nzima ikajaa pweza wa aina moja. Mtoto wa papa-bega hana safari hiyo. Huanguliwa akiwa na umbo kamili, sentimita 14 hadi 16, akaanza maisha palepale alipoanguliwa, akitembea. Kina kirefu cha bahari kwake ni ukuta. Mahali pawili penye mwamba, katikati pakiwa na bahari yenye kina, hapo kwa muda mrefu hutokea aina mbili. Kutembea, ambako tunakuona kama uhuru, kwake kumekuwa kamba fupi.

Kwa sababu hiyo nataka tuzungumze habari za yai.

Jike hutaga mayai mawili kwa pamoja, na katika msimu wake huweza kurudia kila baada ya wiki mbili hivi. Kila yai limo ndani ya kifuko cha kahawia, kigumu, chenye nyuzinyuzi zinazonasa kwenye mwani na mwamba. Mama halindi. Ndani ya kifuko kuna kiini cha manjano na, baada ya muda, uzi mwembamba unaochezacheza: huyo ndiye mtoto. Hucheza mkia wake ili maji mapya yaingie kwenye kifuko apate kupumua. Kwa miezi kama minne kazi yake ni hiyo, kula kiini na kupiga mkia, akiwa amefungwa mahali pamoja katika uwanda uleule unaokosa pumzi usiku. Anapotoka ana milia ya giza na weupe, na tumbo bado lina kiini kilichosalia. Marianne Porter wa Chuo Kikuu cha Florida Atlantic na wenzake walilinganisha watoto hao wenye matumbo yaliyojaa na wakubwa wao kidogo waliokwisha kuanza kujitafutia chakula. Matokeo yao ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwendo haukutofautiana. Mtoto anatembea na mzigo wake wa akiba kana kwamba hana kitu. Akiba ile ndiyo inayompa siku za kujifunza kuwinda kabla njaa haijamfika. Ukuaji wake baada ya hapo ni wa polepole: huchukua miaka saba au zaidi kufikia kuzaa.

Mwaka 2021 Carolyn Wheeler na wenzake, akiwemo Jodie Rummer wa Chuo Kikuu cha James Cook, walichapisha jaribio ambalo limenikaa moyoni. Walitunza mayai ya papa-bega katika hifadhi ya samaki ya New England, mjini Boston, Marekani, katika maji ya joto la aina tatu: nyuzi 27, ambalo ni joto la kiangazi la kawaida kwake, nyuzi 29, na nyuzi 31, ambalo linakadiriwa kufikiwa mwishoni mwa karne hii. Walimulika vifuko kwa taa kutoka nyuma, wakaona watoto wakikua na kiini kikipungua. Katika nyuzi 27 mayai yalianguliwa kwa siku 125 hivi. Katika nyuzi 31, siku 100 hivi.

Mtu angesema ni heri, mtoto ametoka mapema. Lakini aliyetoka mapema alikuwa amekimaliza kiini chake haraka kuliko mwili ulivyoweza kukitumia vizuri. Alitoka mdogo zaidi, bila akiba, akahitaji kula karibu mara moja, na nguvu zake zilikuwa hafifu. Zile siku za kujifunza zilikuwa zimeteketezwa na joto ndani ya kifuko.

Hapo ndipo sikubaliani na wale wanaosema, kwa nia njema, kwamba papa huyu mgumu ndiye atakayestahimili bahari ijayo. Nimesoma maneno hayo mara nyingi, na naelewa yanakotoka: mnyama anayeishi na asilimia 5 ya oksijeni, anayetoka majini akatembea, kipi kitamshinda? Hata orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini inamweka katika kundi la wasiotia wasiwasi. Sehemu kubwa ya makao yake huko Australia imo katika hifadhi na wavuvi hawamtafuti. Lakini ugumu wake ni wa shida ya aina moja, ile inayokuja na kwenda na mwezi. Upungufu wa oksijeni humkuta usiku na humwacha maji yanapojaa. Joto halipwi. Likikaa wiki nane juu ya mwamba, hakuna bamvua wala maji mafu ya kumpa nafasi ya kupumzika, na kupunguza matumizi hakusaidii, kwa sababu joto lenyewe ndilo linaloyapandisha. Kumsifu kwa uvumilivu halafu kumwongezea mzigo ambao hakuufanyia mazoezi ni dhuluma. Nalisema bila kulipunguza.

Great Barrier Reef ilipauka kwa joto mwaka 1998, kisha 2002. Halafu 2016, na mwaka uliofuata 2017. Halafu 2020, 2022 na 2024. Papa-bega aliyeanguliwa mwanzoni mwa 2016, hadi kufikia 2024 alikuwa amepita miaka mitano ya namna hiyo, na kwa hesabu ya ukuaji wa jamii yake ndio kwanza alikuwa amefikia umri wa kuwa mzazi.

Mkubwa ana mapezi yake. Kidimbwi kikimchosha anaweza kutambaa akavuka mwamba akatafuta kingine. Yai limenasa pale mama yake alipoliacha, kiini kinapungua, mkia unapiga, na bado lina siku zaidi ya mia moja za kukaa hapohapo.